Neno Walilomvika Baba

Tabaka, Kisii
11 Agosti 1974

Kwa ndugu yangu Obwocha,

Pokea salamu za nyumbani, nazo zikukute mzima huko Nairobi kama zinavyotuacha sisi huku. Watoto wangu hawajambo. Mama bado analalamika magoti, lakini shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama ndizi zitajipalilia zenyewe. Mvua imezidi, njia ya machimboni ni utelezi mtupu. Mama anauliza kazi yako ya bima inaendeleaje, na kama umepata mchumba. Hayo nimeyaandika kwa sababu ameagiza niyaandike.

Baba pia anakusalimu. Yeye ndiye sababu ya barua hii, maana amenikalisha mezani akaniambia nikueleze jambo lililompata. Nitalieleza lote, hata lile ambalo hakunituma.

Unalikumbuka neno la Kiingereza ambalo Baba alilipenda, primitive. Hakusoma, na Kiingereza hakijui, lakini hilo moja alilihifadhi tangu ubatizo wake. Mmisionari aliyembatiza alilihubiri Sabato baada ya Sabato, na mkalimani akalifasiri kuwa imani ya wale wa kwanza, waliomega mkate na mitume. Tulipokuwa wadogo, mtu akisema kweli hata inapomuumiza mwenyewe, Baba alimsifu kwa neno hilo, na majirani wakacheka. Wewe ulipoingia shule ya upili ulirudi likizo ukamwambia kwamba mwalimu wenu Mzungu anawatukana kwa neno hilohilo mnapokula kwa mikono. Baba hakukasirika. Alisema huenda mwalimu huyo hajabatizwa.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, gari la kampuni moja ya Nairobi inayouza sanamu zetu za mawe ng'ambo lilivipita vibanda vyote vya wachongaji, likaja moja kwa moja hadi kwetu. Dereva wake anaitwa Onsongo, mtu wa Keumbu, mcheshi, anayejua kumfanya mzee acheke. Alikuja na mpiga picha. Walisema kazi ya Baba itawekwa kwenye kitabu cha picha wanachopelekewa wanunuzi wa Ulaya, na neno kubwa juu yake litakuwa primitive. Baba alifurahi hata akaniita niache kupiga msasa nije nisikie kwa masikio yangu.

Kisha wakaanza kudai. Sanamu zisiwe na jina. Unajua Baba huchora MANASSEH chini ya kila jiwe, herufi alizojifunza kwa ajili ya hilo tu. Onsongo akasema wanunuzi wanataka kitu kisicho na mwenyewe. Kwa kuwa msasa na kuosha ni kazi yetu wanawake, jina nililifuta mimi, kwa maji na msasa, jiwe baada ya jiwe, Baba akitazama kando. Wakamvua koti na shati. Wakamfunika ngozi ya mbuzi waliyokuja nayo garini, wakamkalisha mbele ya kibanda cha jiko kilichoezekwa nyasi ili nyumba ya mabati isionekane, wakaweka kibuyu miguuni pake. Baba alisita. Akauliza kama watu wa kwanza wa kanisa walivaa hivyo. Onsongo akamkumbusha Yohana Mbatizaji na vazi lake la singa za ngamia, na Baba akapigwa picha.

Kitabu kilifika huku mwezi wa Mei. Jirani anayefanya kazi mjini alikipeleka kanisani, na Mwalimu Angwenyi, yule mstaafu aliyekufundisha darasa la saba, akaombwa akisome mbele ya baraza la kanisa. Alisoma kwamba mzee huyu, asiyejulikana jina, ni mganga wa kabila lisilobadilika, na kwamba huchonga miungu yake mwenyewe na kuilisha damu ya mbuzi. Obwocha, hiyo miungu ni wale viboko na twiga wa Baba. Wajumbe walitazama ngozi, wakatazama kibuyu, wakasema mzee amekuwa omoragori, mpiga ramli, na alikuwa akiwaficha. Baba alijitetea kwamba neno lililo juu ya picha ni neno la imani. Waliinamisha vichwa kwa aibu. Wakamvua uzee wa kanisa na kumfuta ushirika. Siku hizi kila Sabato huvaa koti lake, akashika Biblia, akakaa kwenye kiti mlangoni kwetu mpaka watu watoke kanisani. Nikimwona hivyo natamani kumuuma mtu.

Nilimfuata Mwalimu Angwenyi nyumbani kwake nikamlaumu. Hakunifukuza. Alinieleza kwamba Baba hakukosea, kwamba neno hilo asili yake ni Kilatini na mwanzo wake ni kuwa wa kwanza, kutangulia wengine. Waingereza walilitumia kwa heshima juu ya kanisa la mitume. Baadaye walipojiona wamefika mbele, aliye wa kwanza akageuka kuwa aliyeachwa nyuma, na hapo wakatubandika sisi. Sasa, akasema, wameshiba hadi wamechoshwa na vitu vyao, na wanalifanya tena kuwa sifa, mradi anayesifiwa asiwe na jina wala shati. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo barazani. Akasema aliogopa naye kuitwa mtetezi wa miungu. Huyo ndiye msomi wetu.

Wiki iliyopita Onsongo alikuja tena kuchukua mzigo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini kwanza nikamuuliza nani aliyeandika maneno yale. Aliapa kwamba si Mzungu, maana wakubwa wake hawajui hata kibuyu kina maana gani huku kwetu. Alisema ni kijana wa Kisii mwenye digrii ya Kiingereza, fundi wa maneno, na ndiye aliyewaelekeza kwa mzee huyu kwa kuwa ni mpole na ukimtajia Biblia atakubali. Habari ya Yohana Mbatizaji pia alifundishwa na huyo kijana. Nikamuuliza jina. Akalitaja huku akicheka, asijue anamtajia dada yako. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe hiyo ndiyo bima yako.

Baba hajui, na mimi sitamwambia. Alichonituma ni hiki. Anasema wewe umefika chuo kikuu, neno hilo unalijua kuliko sisi wote. Anakuomba umtafute aliyeandika, umweleze kwa upole kwamba amekosea, kwamba Manasseh ni Mkristo na haabudu jiwe, halafu aandike upya na kuliweka jina la Manasseh. Anaamini mtu huyo alidanganywa, kwa sababu hakuna aliyelelewa vizuri anayeweza kumtendea mzee hivyo kwa makusudi. Ameketi hapa mlangoni, na ameniuliza kama nimefika sehemu hiyo. Nimemwambia nimefika.

Mama anakuombea kila asubuhi, na watoto wanakusalimu mjomba wao. Baba anangoja jibu lako.

Ni mimi dada yako,
Tryphosa binti Manasseh