Gari ya Baba Imeshushwa

Jumamosi, 8 Juni 2024
Kaka yangu Kingori amerudi kutoka Nyeri na gari ya marehemu baba — imelala chini, karibu iguse mawe! Amekata springi. Ati sasa inakaa gari ya kijana. Nikamuuliza, na Mama je? Nyonga yake haijapona tangu afanyiwe upasuaji, na ni hii gari humpeleka kliniki. "Wacha stress, Watiri. Shoki za kuzuia mtikiso ni zile zile original." Mama alichungulia dirishani. Akarudisha pazia.

Jumatano, 12 Juni
Kliniki. Kutoka hapa Gakindu hadi kwa lami, kila shimo — du! Chuma kwa chuma. Mama alinishika mkono akafunga macho. Afadhali angelia.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepeleka gari kwa fundi Ngatia, Kingori akiwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Fundi aliingia chini akatoka na vidole vimejaa mafuta. Shoki za nyuma zinavuja. Kumbe zilitengenezewa ule urefu wa zamani. Gari ikishushwa, shoki inakaa imebonyea tayari, haina nafasi ya kushuka tena. Kwa kila shimo inagonga mwisho, mpaka sili inayozuia mafuta inapasuka. Shoki ikishakufa, gurudumu linarukaruka badala ya kushika barabara.

Basi weka mpya, nikasema.

"Mpya juu ya springi fupi? Hizo pia zitakufa. Rudisha springi za urefu wa zamani kwanza, dada."

Jioni nikamweleza Kingori. Alikasirika sana. "Baba aliniachia mimi hii gari!"

Kweli. Lakini Mama ni wetu sote.

Jumatano, 19 Juni
Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa nimeita teksi. Mama akakataa: "Nitaenda na mtoto wangu." Kingori akaendesha polepole, Mungu anajua. Kwa ile kona ya chini ya kiwanda cha kahawa, barabara ina makorongo — nyuma ikaruka, ikaruka tena, ikateleza. Mtaroni! Mimi nimechubuka tu. Kingori mzima. Mama alisema, "Nyonga." Basi.

Tuko hospitali, Nyeri. Wamempiga picha. Naandika kwa benchi. Kingori yuko kando yangu, matope hadi magotini. Ameongea mara moja tu: ati kesho atarudisha springi.

Nesi amefungua mlango. Anaita watu wa Mama Kabura — ndio sisi. Naenda.

Kingori hajainuka.