Chumba cha Nyuma cha Nyumba ya Matofali

Jumatatu, 3 Machi 2025
Amekuja binti wa ofisi ya majengo ya kale, jina lake Samiha. Ameniamkia kwa shikamoo kamili, si ile ya kutupia njiani. Asema nyumba hii ya karani wa reli, ya mwaka 1926, ndiyo ya matofali mekundu iliyobaki mtaani, na wataka kuihifadhi. Nimwandikie historia yake. Nimekaa humu miaka arubaini na minne. Nilimimina chai. Kumbe amefunga. Nimevinywa vikombe vyote viwili.

Jumatano, 5 Machi
Kurasa mbili na nusu. Karani wa kwanza, mabati ya zamani, mwaka tuliohamia mimi na marehemu mume wangu, Tsofa. Nilipofika chumba cha nyuma nikaacha kuandika. Hicho si cha 1926. Tsofa alikijenga kwa mikono yake mwaka 1987, nyumba ya jirani ilipobomolewa. Alichukua matofali yake, ya tanuri moja na haya, akayakwangua moja moja. Simenti aliikataa — alikoroga chokaa na mchanga kama mafundi wa kale, ili viungo visitofautiane. Majirani wakamcheka: “Mzee Tsofa, wajenga ama watia viraka?” Wote wameshakufa au kuhama. Mtaani nimebaki mimi kujua.
Humo ndimo alimofia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesoma masharti aliyoniachia Samiha. Kilichoongezwa baadaye kitabomolewa, nyumba irudi ilivyokuwa.
Nimempigia mwanangu Nyale, Nakuru. Asema ninyamaze, nani atajua? Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini na sita, na sijapata kumsamehe mtoto mwongo.
“Basi mimi nakusamehe, mama.” Akacheka. Kisha alikuwa na mkutano.

Jumatatu, 10 Machi
Samiha yuko hapa. Vyumba vingine amevipita upesi, akipima na kuandika. Kwenye chumba cha nyuma akasimama. Akapitisha kidole kwenye chokaa, polepole, tangu mlangoni hadi dirishani.
“Wallahi, mwalimu, hiki ndicho kizuri kuliko vyote. Aliyejenga hapa alikuwa na mkono wa fundi hasa.”
Hakuna aliyepata kumsifu Tsofa kwa kazi hii. Hata mimi; nilimwambia dirisha limekaa chini mno.
Amekwenda garini kuchukua kamera. Ukurasa wa tatu uko mbele yangu, nusu mtupu. Alipokuwa akitoka aliuliza kama jina la fundi linajulikana.
Nimemwambia — ngoja nikumbuke.