Dawa Ndani ya Tonge la Bukari

Kalemie, 9 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Salamu zikufikie hapo Kirungu, wewe na baridi yako ya milimani. Magoti yanaendeleaje? Hapa ziwa limetulia, na mimi binti yako wa kwanza ni mzima. Neno hilo "mzima" nitalieleza polepole, maana ualimu hautoki mwilini hata baada ya kustaafu.

Uliambiwa kwamba tangu kifo cha mume wangu nimeshikwa na wazimu. Haukuwa wazimu. Ni ugonjwa wa huzuni: mtu anaamka amechoka, chakula hakina ladha, hata kuoga ni kazi ya siku nzima. Muuguzi Agathe alinipa vidonge, kimoja kila siku, akanionya kwamba si kama dawa ya malaria ya siku tatu. Hukawia majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, na mgonjwa akipata nafuu asiviache, kwa maana hapo ndipo wengi huanguka tena.

Nafuu nilikuwa nimeanza kuiona. Ndipo mtu mmoja anayelala chini ya paa langu alipovimwaga chooni, akasema Mkristo hamezi dawa za wazimu. Nikaanguka, Mama, vibaya kuliko mwanzo. Miezi miwili nililala nimegeukia ukuta, naye akapita kwa majirani akiwaambia, "Mama Générose njo basi, kichwa yake imeisha."

Agathe alinipa vingine kwa siri. Kila mchana nilificha kidonge ndani ya tonge la bukari, nikachovya kwenye mchuzi wa samaki, nikameza mbele ya macho yake, tukila sahani moja. Siku nilizokata tamaa nilimeza pia. Hasira ilinikumbusha kuliko saa.

Sasa niungame. Nilipona tangu Mei, lakini sikumwambia. Niliendelea kuketi kimya, kichwa chini, naye akazungumza mbele yangu kama mbele ya mbuzi. Nilimsikia akipanga kuja kwako, akuombe useme mbele ya ukoo kwamba sina akili, ili nyumba yangu na lupango, kiwanja chote, viandikwe kwa jina lake. Alicheka kwamba mgonjwa hawezi kusema hapana. Alipoondoka tu, nilikwenda ofisi ya ardhi kwa miguu yangu, nikasema hapana, nikatia sahihi kwamba nyumba inabaki kwa jina langu.

Mama, najua macho yako hayaoni tena herufi, na anayekusomea sasa ni mdogo wangu Urbain, aliyefika kwako juzijuzi. Urbain, usiruke mstari. Katekista Jérôme, aliyeileta barua hii, ameshika nakala yake, anakufuata neno kwa neno. Jina la mtu aliyemwaga vidonge sikuliandika. Nimekuachia wewe ulitamke mbele ya Mama, kabla hujasoma salamu za mwisho.

Mama, Mungu akutunze. Wasalimie wote wanaokuchotea maji. Kidonge cha leo nimeshameza.

Binti yako,
Générose