Walikuja na Magunia Matupu

Baraka, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika makusudi ili nisiisahau, maana hapa Baraka ukimwamkia mtu mzima shikamoo anakutazama kama umemwomba kitu. Hapa ni jambo tu, kwa mzee na kwa mtoto. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Espe amerefuka, viatu ulivyomnunulia havimwingii tena. Baba yake bado yuko machimboni Misisi, huja mara moja kwa mwezi, amekonda lakini mzima. Na wewe je? Goti linakubali kukunjika? Kile kikohozi cha vumbi la kambini kimekuacha, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Nijibu ukweli, usiniambie hujambo huku umejilaza.

Barua hii anakuletea mama mmoja anayevuka ziwa na dagaa kwenda Kigoma. Simu hukatika kila tukifika kwenye maneno yenyewe, na haya ya leo yanataka nafasi.

Mama, wamenichagua kuwa mkuu wa wazazi shuleni kwa Espe. Usicheke. Huku wanasema komite ya wazazi, na mimi naitwa Mama Prezida, hata na wauza muhogo. Nilichaguliwa kwa ajili ya mdomo tu. Kwa kuwa nimesomea huko Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, Kiswahili changu wanakiona cha redioni. Nilisimama kuuliza swali moja kuhusu vyoo, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Huyu anasemaka muzuri, tumuweke!" Wakaniweka. Makamu wangu ni Papa Wilondja, fundi seremala, ambaye alikitaka kiti hicho mwenyewe na akanipa mkono wa hongera kama mtu anayeshika samaki aliyeoza. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikakubali.

Sikumaliza hata wiki. Upepo ulikuja kutoka ziwani ukang'oa paa la darasa la sita, sixième wanavyoliita. Mabati tuliyaokota kwenye mashamba ya mihogo, na ukuta wa upande wa ziwa ukalala chini wote. Inspekta wa shule akaja, akazunguka, akasema hana ubaya na mtu: akirudi Jumatatu inayofuata asikute ukuta na paa, watoto wote wa sixième, ambao mwaka huu wana mtihani wa taifa, watahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Mto ule unaujua kuliko mimi. Mvua zikishika hauchezewi. Direkta, ndivyo wanavyomwita mwalimu mkuu, aliniambia kwamba mwaka mmoja waliwahi kuwahamisha hivyo hivyo. Wavulana walivuka. Wasichana mama zao waliwazuia nyumbani, na wengi hawakurudi tena kwenye benchi. Siku hiyo nilirudi nikamkuta Espe, naye ni msichana wa sixième, anafunika madaftari yake kwa karatasi za mifuko ya saruji, anaimba, hana habari.

Nikaitisha mkutano Alhamisi. Nataka ujue kwamba nilifanya kila kitu vizuri, yaani vizuri kwa namna ya kambini. Nilieleza kwamba Jumamosi asubuhi tutafanya salongo, ndivyo wanavyoita kazi ya pamoja. Wanaume waje na miti na mapanga, wanawake waje na majembe, tusimamishe ukuta wa miti na udongo. Wote wakaitika. Kisha nikafanya kosa. Nikatoa karatasi, nikaipiga mistari kwa rula ya Espe, nikaipitisha mkono kwa mkono: jina, mtaa, idadi ya watoto. Nilitaka tu kujua nani amefika na ana watoto wangapi shuleni. Niliona watu wanaandika kwa heshima kubwa mno, wengine wanaomba waandikiwe vizuri, nikafurahi.

Umeshaanza kucheka, nakusikia. Wewe uliyetulea kwa kadi ya mgao ungelijua papo hapo. Mimi nilidhani huo ni ugonjwa wa kambini tu, kumbe na huku karatasi yenye jina na idadi ya watoto ina maana moja. Ijumaa jioni mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba Mama Prezida, aliyetoka Tanzania na anayejuana na wazungu, anaandika watu, na Jumamosi kutagawiwa mafuta na unga.

Jumamosi nilifika saa moja. Uwanja umejaa, Mama, umejaa hadi njiani. Moyo ukanipanda. Nikajiambia, kumbe Riziki naweza kuongoza! Nikatembea kwa maringo hadi nilipokaribia na kuona kwamba hakuna majembe. Kila mtu ana gunia tupu limekunjwa kwapani na bidoni mkononi, yale madumu ya njano ya maji. Wamejipanga wenyewe kwa mistari, wazee wamepewa nafasi ya mbele, na wengi hawana hata mtoto shuleni. Wengine wameshika kadi zao za zamani za kambini, zimefungwa ndani ya nailoni. Bibi mmoja akanishika mkono kwa upole: "Mama Prezida, bataanza na mafuta ao na bunga?"

Papa Wilondja, ambaye yeye na wanaume wachache walikuwa wameleta miti kama tulivyosema, akanivuta pembeni.

"Usibaambie," akaninong'oneza. "Baache batumike kazi kwanza. Sema vintu viko mu njia, vitafika mangaribi. Ukuta ikishaisha, tutaona."

Nitakwambia ukweli, nilitaka. Akilini nilimwona Espe mtoni na vitabu kichwani, nikataka kabisa. Lakini nilikumbuka siku ile tulipopangwa juani tangu asubuhi, wewe una mimba ya mdogo wangu, na jua lilipozama tukaambiwa turudi kesho. Uso wako wa siku ile sijawahi kuusahau. Nikaona siwezi kumfanyia mama wa mtu mwingine vile.

Nikapanda juu ya benchi. Nikasema: "Ndugu zangu, hakuna mgao. Haukuwapo tangu mwanzo. Karatasi ni yangu na kosa ni langu. Hapa kuna ukuta ulioanguka tu, na watoto wa sixième hawana pa kusomea. Nisameheni." Kile Kiswahili cha redio kilinitoroka chote.

Kelele zikaanza.

"Mi nilitoka kwangu saa kumi na mbili!"

"Hawa Batanzania banatuchezea!"

Wengine wakageuka wakaondoka wakisonya, na nilijua wana haki yao. Direkta alikuwa anatazama ardhi. Papa Wilondja alinitazama mimi, na macho yake yalisema, si nilikwambia?

Ndipo akatoka Mama Bitisho kwenye mstari. Yeye huanika ndagala kule ufukweni na kuziuza, ndagala ndizo zile dagaa zetu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, na harufu ya samaki hufika kabla yake. Hana mtoto shuleni. Bitisho wake wa pekee alifariki kabla ya kufikia umri wa kuanza masomo, na jina ndilo lililobaki kwa mama. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mafuta kama wengine. Akasimama mbele ya benchi langu, akanikazia macho, nikajua sasa natukanwa. Akalikunjua gunia lake, akalikung'uta mara mbili.

"Hii gunia nilitembea nayo toka kule ku ziwa," akasema. "Haiwezi kurudia bule. Udongo iko wapi?"

Nikamwonyesha kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya uwanja. Akaenda. Hakumwita mtu, wala hakugeuka kuona kama anafuatwa. Sisi sote tulimtazama akiinama na kuchota udongo kwa mikono, kwa kuwa hakuwa na jembe, akajitwika, akarudi polepole, akaumwaga miguuni pangu. Kisha akawageukia watu.

"Na maji? Hizi bidoni zote muko nazo ni za kuchezea?"

Yule bibi wa mafuta ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikapita mstari hadi mstari, na kilipokwisha watu wakawa tayari wanatembea, wengine kwenye kichuguu, wengine kisimani. Mama, hapo ndipo nilipozinduka. Magunia na bidoni! Siku ile ya Alhamisi, pamoja na rula yangu yote, sikuwa nimemwambia hata mtu mmoja udongo utabebwa kwa chombo gani wala maji yatachotwa kwa chombo gani. Kama wangenisikiliza na kuja na majembe matupu, tungechimba shimo zuri sana, tukalizunguka na kulitazama.

Natamani ungeona. Wamama walikunja vitenge wakaukanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba nyimbo za kanisani. Wakatoliki wanaanza, Waprotestanti wanapokea, na maneno wanayatengeneza njiani. Papa Wilondja alisimamisha ile miti na kuifunga kwa kamba haraka kuliko ninavyosuka nywele. Misumari iliyopinda aliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, hakutupa hata mmoja, na nikaona kwamba kiti kile alikistahili kweli. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Shika hii kamba, Mama Prezida, usiache," lakini alikuwa anatabasamu.

Tangu nizaliwe nimewaona watu wakiambiwa hakuna kitu, na kila mara niliwaona wakienda zao. Sikujua kwamba wanaweza kubaki. Hawa walibaki mpaka jioni, na Jumapili baada ya ibada wengine wakarudi wenyewe, bila kuitwa, kumalizia paa. Ninawajivunia, Mama, mpaka naona haya, maana mimi niliwaitisha kwa makosa.

Jumatatu inspekta akaja. Akausukuma ukuta kwa kidole, kidole kikaingia.

"Iko mubichi," akasema, huku akijifuta kwa leso.

"Itakauka, chef," Direkta akamjibu. "Itakauka batoto bakiwa ndani."

Inspekta alitazama juu kwenye mabati yenye makunyanzi, akatutazama sisi tulivyochafuka, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake na kusema watoto wabaki. Espe aliingia wa kwanza. Nilikaa nje nyuma ya ukuta ule nikalia kidogo, halafu nikaenda kununua muhogo kama siku nyingine.

Jana tulifanya mkutano wa kushukuriana. Safari hii sikubeba karatasi wala kalamu. Tulipokuwa tunaanza, Mama Bitisho akaingia na harufu yake ya ndagala, amevaa kitenge chake cha Jumapili, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye benchi la wazazi. Watu wakatazamana. Papa Wilondja ni mtu wa kufuata utaratibu, lakini hana roho mbaya. Akakohoa, akamwuliza kwa heshima:

"Mama, pole. Huu ni mukutano ya bazazi. Weye uko na mutoto mu mwaka gani?"

"Mu sixième."

"Nani?"

"Bote."

Papa Wilondja alisogea kwenye benchi akampa nafasi aweke miguu yake vizuri, na mimi nikafungua mkutano.

Nisalimie mdogo wangu, mwambie aache uvivu akuchotee maji. Nisalimie shangazi na majirani wote wa mstari wetu, na mchungaji aliyetuombea siku tuliyopanda lori. Baba Espe naye anakusalimu sana, na Espe anakubusu mikono.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila siku,

Riziki