Mama Mdogo Aliyebaki Lori Lilipoondoka

Mpendwa Mama Mdogo,

Juzi msichana wa chuo kikuu alikuja hapa Mwea akiuliza habari za watu waliohamishwa zamani. Alikaa jikoni, akanywa chai, akataka kujua tulitoka wapi na lori lilibeba nani. Nikamtaja baba, mama na sisi watoto, nikaishia hapo. Wewe hukuwa kwenye lori, na yeye alikuwa akitafuta waliosafiri. Alipokwenda zake niliona afadhali nikuandikie wewe mwenyewe, ingawa hupo tena kusoma.

Unakumbuka kile kijiji cha Mukurweini walimotufungia wakoloni wakati wa vita, nyumba zimebanana kama meno? Vita vilikwisha, uhuru ukaja, na sisi bado tulikuwa mle kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Shamba alilolima baba lilikuwa la kuazimwa, na wapimaji walipopita likaandikwa jina la mtu mwingine. Mama aliyenizaa alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hivyo mgongo niliobebwa ni wako. Ulininyoa, ulinifundisha kusuka kikapu cha kiondo. Watu wakisema mimi ni mtoto wa mke mwenzako, ulijibu, "Mimi sijui kugawa watoto." Na wewe hukuwa umejaliwa kuzaa.

Kisha baba akapata shamba la mpunga huku chini. Asubuhi ya kuondoka alikuita nyuma ya nyumba, nami nimeshika nguo yako.

"Nyumba niliyopewa ni chumba kimoja," alisema. "Huyu mwingine ni mgonjwa, siwezi kumwacha. Tukivuna mara ya kwanza nitakuja kukuchukua."

Hukubishana. Uliuliza tu, "Na huyu?"

"Ataenda na mama yake."

Ulinivalisha sweta yako, ikanifika magotini, ukanipandisha mwenyewe kwenye lori. Nililia mpaka Karatina.

Mwea ilitupokea kwa joto na mbu. Malaria iliponishika nilikuita wewe, na mama akanipangusa kwa maji bila kununa. Baada ya mavuno baba alikwenda kukuchukua kama alivyoahidi. Alirudi peke yake, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kijiji kilikuwa kimebomolewa. Wenye mashamba walikwenda kujenga kwao, wasio na kwao wakatawanyika, na kila aliyemuuliza alimwonyesha njia tofauti.

"Sikumpata," alisema, akaketi nje mpaka chakula kikapoa.

Tangu hapo hakuna mgeni wa kutoka kwetu kule Nyeri ambaye baba hakumuuliza habari zako. Aliuliza hata alipokuwa amelala kitandani, sauti imekwisha.

Nilikuwa nimeshaolewa, nauza mchele sokoni Chaka, upande wa pili wa mlima tunaouona Mwea, niliposikia mwanamke akibishana bei ya viazi. Sauti ile! Nilizunguka magunia nikasimama mbele yako.

"Unataka debe ama nusu?" ukauliza.

"Mama Mdogo."

Ulinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ati Wangeci? Wangeci wangu?" Ukaketi chini palepale, katikati ya viazi.

Siku hiyo hukuuza tena. Ulinieleza ulivyochuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, hadi likauzwa mkaambiwa muondoke. Ukaingia msituni, ukapanda mahindi katikati ya miche ya serikali, hadi miti ikakua na mahindi yakakosa jua, mkaambiwa muondoke tena. Ndipo ukafika Chaka, kwenye chumba cha mabati nyuma ya soko. Ulieleza bila kulalamika, kama mtu anayeonyesha njia. Kisha ukauliza, ukiutazama mlima badala yangu, "Na baba yako, alikuja?"

"Alikuja. Alikuta kijiji kimebomolewa."

"Alikuja," ukasema. Ukaokota kiazi, ukakifuta udongo, ukakirudisha. "Na mimi miaka hii yote nasema hakuja. Yuko wapi sasa?"

Nikakuambia tumeshamzika.

Hapo ndipo panaponiuma, Mama Mdogo. Mlima ni huo mmoja. Wewe uliuona kila asubuhi upande wako, naye upande wake, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba yeye anakutafuta, au kwamba wewe umeacha kungoja. Yeye alikufa akijua amekuvunjia ahadi. Wewe ulizeeka ukijua umetupwa. Wote wawili mlikosea, na hakuna aliyesema uongo.

Nilikusihi uje tuishi pamoja. Ukacheka. "Hapa bado hakuna aliyeniambia nihame. Wacha nionje raha hiyo kidogo."

Uliionja miaka michache. Mvua za mwaka jana zilikuja na homa ya kifua, na habari zilinifikia ukiwa umeshaaga dunia. Nilikuta akina mama wa kanisa lako wamekuosha, wamekuvisha, wamekuimbia. Kaburini mchungaji akasema, "Watoto wa marehemu wasogee watie udongo."

Watu wakatazamana. Jirani yako akamnong'oneza kwamba marehemu hakuwa na mtoto, aendelee tu na ibada.

"Anaye," nikasema.

Wakanipisha njia. Nikapiga magoti kwenye matope, nikachukua udongo kwa mikono miwili, na mchungaji akangoja mpaka nikamaliza.

Mvua zikikatika nitakuja kupalilia. Kwa sasa lala, mama.

Ni mimi binti yako,
Wangeci