Majagi Mawili ya Ukwaju

(Nimenakili kutoka daftari langu la Garissa la mwaka wa tisini na sita, kama nilivyoandika wakati ule.)

Jumamosi. Joto ni lile la kabla ya mvua, hata ukuta wa nyumba ukiugusa unachoma. Umeme umepotea tangu asubuhi. Nikiahirisha kuandika sitaandika tena.

Leo nimemwambia Mama Hodan.

Ni jirani yangu tangu nilipoletwa hapa kutoka Machakos kufundisha sayansi kimu. Wiki ya kwanza, kabla sijajua maji ya mfereji hukatika siku gani, alinitumia mtungi mzima wa maji na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Nilipougua malaria, ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu siku tatu. Huniita abaayo, yaani dada.

Mwaka jana mwalimu mwenzetu alipata uhamisho, nami nikajitolea kuandaa karamu ya kumuaga, hapa kwangu, Jumapili mchana. Nilitaka waone kwamba hata Garissa mtu anaweza kunywa kokteli kama za hoteli kubwa. Kusema kweli, nilitaka sifa. Na wala si kazi ngumu. Unaloweka ukwaju kwa maji moto, unaukamua, unauchuja, unatia sukari, ndimu na tangawizi iliyotwangwa. Mdomo wa glasi unaupaka ndimu na kuuchovya kwenye sukari. Unaweka barafu, unamimina ukwaju, kisha juu unaongeza soda nyeupe itoe povu. Barafu niliinunua sokoni nikaileta nimeifunga kwenye gunia, nusu yake ikayeyukia njiani. Hata hivyo wageni walipoziona zile glasi walisogea kuzitazama kabla ya kuzishika.

Nilijaza majagi mawili. Moja nililiacha hivyo hivyo kwa ajili ya wenzetu Waislamu. La pili nililitia jin, pombe kali isiyo na rangi, ambayo mwenzangu mmoja aliileta kutoka Thika ndani ya begi la nguo. Kwa macho hayakuwa na tofauti. Nilijiambia la kushoto ndilo safi, basi. Sikufunga hata uzi kwenye mkono wa jagi.

Mama Hodan aliingia kusalimia. Kumbe mtu alikuwa ameyasogeza majagi apate nafasi ya sahani. Nilimmiminia kwa mkono wangu mwenyewe kutoka lile la kushoto, kisha nikajimiminia mimi kutoka lile lingine. Nilipoonja glasi yangu, nikakuta haina pombe.

Yeye alikuwa amefika nusu ya glasi.

Ningeweza kumshika mkono. Badala yake niliwatazama wageni, nikaogopa aibu, nikanyamaza. Akamaliza. Akasifu mbele ya watu wote, akasema hajawahi kunywa kitu kama kile. Baadaye alisema jua limempiga kichwani, na adhana ya alasiri ilipoanza akaaga aende kuswali. Nilimwona akivuka ua, kiganja kwenye paji la uso.

Jin iliyobaki niliimwaga chooni siku ileile. Haikusaidia. Nikiwa darasani na chaki mkononi, alasiri ikiadhiniwa, namwona akivuka ule ua. Naacha sentensi katikati. Wasichana wamezoea, wanadhani naiheshimu adhana. Na kila akiniletea chakula, nakula kama mtu aliyekiiba.

Leo asubuhi alikuja na furaha. Hodan, binti yake mkubwa ambaye nilimfundisha, anaolewa Ijumaa na kijana wa Ijara anayeuza ng'ombe. Aliniomba niwatengenezee wageni wa kike kile kinywaji cha mwaka jana. Nilikubali haraka, nikidhani nimepata njia ya kulirekebisha jambo kimyakimya. Ukwaju ulikuwepo. Nikautengeneza mbele yake hatua kwa hatua, ingawa bila barafu. Akanywa, akanywa tena, akaitazama glasi.

"Hii iko tamu, abaayo," alisema. "Lakini siyo ile. Ile ilikuwa na kitu inachoma kidogo hapa." Akagusa koo. "Uliweka nini?"

Ningeweza kusema tangawizi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ningeongeza kipande kimoja tu, angeridhika, na tungeendelea hivyo mpaka mmoja wetu afe.

"Pombe," nikasema. "Majagi yalinichanganya. Na nilijua kabla hujamaliza glasi."

Hakupaza sauti. Aliiweka glasi chini polepole, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio, mara mbili, mara tatu, kana kwamba kile cha mwaka jana bado kilikuwa pale. Alisema astaghfirullah, tena na tena, kwa sauti ya chini. Mimi ndiye niliyelia. Nilisubiri aniulize kwa nini, maana majibu nilikuwa nayo mengi, lakini hakuuliza.

"Mimi sikujua," alisema mwishowe. "Mungu anajua sikujua. Lakini wewe ulijua, ukaniangalia naenda kuswali."

Akaondoka.

Nilibaki jikoni na lile jagi, nzi wakitembea kwenye sukari. Baada ya adhuhuri alirudi, akasimama mlangoni, hakuingia. Macho yalikuwa mekundu. Aliniambia arusini nije, kwa sababu Hodan amekwishawaambia wenzake kwamba mwalimu wake atakuja, na kwa sababu yeye mwenyewe hataki watu wamuulize niko wapi. Nitakaa na kina mama wengine.

"Lakini jikoni yangu usiingie," alisema. "Na usishike glasi ya mtu."

Nilidhani nikishasema, jambo hili litaniachilia. Alasiri imeadhiniwa nikiwa katikati ya ukurasa huu, na nimemwona tena akivuka ule ua. Tofauti ni kwamba sasa, huko kwake, na yeye anajiona akiuvuka.

Nilimwambia kwa ajili yake, au kwa ajili yangu?

Sijui. Ijumaa nitakwenda. Nitakaa nitakapoonyeshwa, na nitakachopewa nitakinywa chote.