Gemu Iliyotaka Nafasi ya Bibi

Jumamosi. Mvua imenyesha Ifakara mchana kutwa, na mimi nimekasirika. Sitaki kutulizwa.

Mdogo wangu Deo amerudi likizo kutoka chuo na gemu mpya ya mpira kwenye flashi ya kuazima. Napenda gemu, tena sana. Jioni nyingi tumegombania kompyuta yangu hii kuukuu mpaka Mama akatufokea. Leo tumejaribu kuiweka hiyo mpya, ikagoma. Nafasi haitoshi.

Deo akapekua mafaili. "Dada, video za Bibi ndizo zinazojaza. Tuzifute."

Tuzifute!

Bibi yetu wa kijiji cha Mbingu alikuwa akinisimulia hadithi kwa Kindamba huku anapepeta mchele, nami namrekodi. Tangu apate kiharusi, hasemi tena. Sauti yake imebaki humu tu.

Nikamuuliza Deo gemu moja imebeba nini hata itake kompyuta nzima. Anasomea mambo hayo, akanieleza vizuri. Kila jani la uwanja, kila tone la jasho lina picha yake, kubwa kwa ajili ya televisheni pana za kisasa. Sauti nazo hazibanwi sana, ili mashine isihangaike kuzifungua mchezo ukiendelea. Na watangazaji wamo wa lugha kibao, uwasikilize usiwasikilize.

"Kiswahili kimo?"

"Hakimo."

"Kindamba?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Yaani nimfute Bibi nibaki na watangazaji nisiowaelewa, na jasho ambalo kioo changu kilichofifia hakiwezi hata kulionyesha? Waliotengeneza wanadhani kila mtu ana mashine kama zao. Mimi sina. Wala sioni aibu.

Nimekataa katakata.

Deo akanuna, akaniambia nimepitwa na wakati. Nikafungua video moja, nikaongeza sauti. Bibi akakohoa, akaanza kusimulia, halafu akacheka mwenyewe kabla hajafika penye kichekesho.

Deo akasogeza kiti. "Hapo anasemaje?"

Nikamtafsiria. "Weka nyingine, dada."

Tulipomaliza nikafuta gemu yangu ya zamani, ile niliyokuwa namfunga Deo nayo kila siku. Iliniuma, sidanganyi. Lakini nimeifuta kwa mkono wangu, hakuna aliyenilazimisha.

Kesho naenda Mbingu, hata barabara iwe tope tupu. Babu yuko huko na bado anasema, na mimi sasa nina nafasi ya kumrekodi.